Alama za Makaa Nyuma ya Depo

Siku Profesa alipokuja kuutazama ukuta tulikuwapo watu sita. Alikuwapo yeye mwenyewe, suruali ameikunja hadi magotini, viatu ameviacha juu ya jiwe. Alikuwapo Dada Esperansi, mwanafunzi wake, ameibana kaye yake, daftari la namba, kifuani kwa mikono miwili kama mtu anayebeba kitu kinachoweza kumwagika. Alikuwapo Baba Hamisi, mwenye depo, ghala lake la bidhaa, kofia nyeupe kichwani na tasbihi mkononi. Alikuwapo mdogo wangu Mapendo, wa miaka tisa, ambaye asubuhi hiyo alikataa kwenda shule na hakusema kwa nini. Alikuwapo Sifa, kitinda mimba wetu, wa miaka sita, amenishika kidole. Na mimi, mkubwa wao, miaka kumi na mitatu, nikiwa na hakika kwamba watu wazima hawa watatu wamekuja kwa ajili ya kosa langu.

Miaka mingi imepita tangu hapo, lakini wiki iliyopita mvua ilinikuta sijaingiza gunia la makaa ndani. Nilipoliinua, harufu ya makaa yaliyolowa ilinipanda puani, nikasimama pale uani na gunia mikononi, maji yakinichuruzika. Wengine harufu hiyo huwakumbusha jiko lililozimika kabla chakula hakijaiva. Mimi hunirudisha kwenye ukuta ambao haupo tena. Ziwa limeumeza pamoja na nyumba yetu, katika huku kupanda kwa miaka ya karibuni ambako sisi wote wa Uvira tunakujua. Kupanda ninakokusimulia kulikuwa kwa zamani kidogo, na wenye nyumba za juu hawakukuona hata kidogo. Lakini yetu ilikuwa nyumba ya mwisho kabla ya maji, na kwa nyumba ya mwisho hakuna kupanda kudogo.

Baba alitangulia, Sifa akiwa bado anabebwa mgongoni. Mama alimfuata mwanzoni mwa mvua za mwaka ule. Siku moja kabla hajanyamaza kabisa aliniita kitandani, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, akaniambia: "Maji ikifika ku kizingiti, beba wadogo zako. Usibebe kitu kingine." Hakuniambia nitajuaje kwamba maji yanakaribia, nami sikumwuliza. Nilidhani kujua mambo kama hayo ni sehemu ya ukubwa, na kwamba yatanijia yenyewe.

Hayakunijia. Ndipo asubuhi ya baada ya maziko nikachukua kipande cha makaa jikoni nikazunguka nyuma ya depo ya Baba Hamisi, iliyokuwa imepakana na nyumba yetu. Ukuta wake wa nyuma ulipakwa chokaa, na mguu wake ulikuwa umeshasimama majini. Kabla upepo haujaamka, maji yakiwa yametulia kama mafuta kwenye sahani, nilichora kijistari pale yalipoigusa chokaa. Kesho yake nilisogea kulia upana wa kidole kimoja nikachora kingine, ili cha leo kisichanganyike na cha jana. Jumapili nilichora kirefu zaidi. Na juu, usawa wa kizingiti chetu, nilivuta mstari mnene kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho wake. Kisha niliweka vidole vyangu kati ya maji na mstari ule, nikahesabu. Vidole ishirini na sita. Ishirini na vitano. Vikibaki vilevile kwa siku tatu, nilikula vizuri. Vikipungua viwili kwa mara moja, nililala nimevaa, Sifa nimemfunga kiunoni kwa kitenge, ili nikiamka kwa kukurupuka nisimsahau.

Sikumwonyesha mtu yeyote. Chokaa ile ilikuwa mpya. Baba Hamisi alikuwa mfanyabiashara, wa zile familia za Waislamu ambao mababu zao walifika kwa biashara ya ziwa, wakaoa hapa, wakabaki. Nyumba yetu ilikuwa mali yake. Mama alipokufa hakutuondoa. Alisema tu kwamba nyumba isiyo na moshi huingia nyoka, akatuacha. Mimi niliachana na shule nikiwa darasa la tano, nikaanza kuanika ndagala, dagaa wetu wa ziwa, mchangani na kuwauza sokoni Kimanga, na Mapendo akaendelea na masomo. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nauchafua ukuta wa mtu aliyetuhifadhi. Nilijua nafanya vibaya, lakini nisingeweza kuacha. Asubuhi niliyochelewa kupima, nilishindwa kuanika hata ndagala mmoja.

Dada Esperansi alikuja wiki kadhaa baadaye, akiwa na mti begani. Ulikuwa mti mrefu ulionyooka, mnene kidogo kuliko mpini wa jembe, umepakwa pete nyekundu na nyeupe, na kando yake namba. Alitoka Rurambo, kule juu kunakochungwa ng'ombe. Katika kundi lake la wanaosomea maji na samaki chuoni, msichana alikuwa yeye peke yake, na hakuna mwingine aliyekuwa ametoka milimani. Wenzake walimwuliza kama atalipima ziwa kwa kibuyu cha maziwa. Alitusimulia hayo akicheka, lakini alicheka kwa mdomo tu.

Baba Hamisi naye hakumwacha. "Binti ya ng'ombe," alimwambia siku ya kwanza, amesimama mlangoni pa depo, "leo umeshuka kuchunga ziwa?"

"Ng'ombe ya Rurambo iko na adabu, Baba Hamisi," alijibu bila kusimamisha kazi. "Hili ziwa yako haijui zizi."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, na tangu hapo akamruhusu kuupanda mti wake popote apendapo. Akaupanda majini mbele ya mlango wetu, kwa sababu, alisema, hapo ndipo ziwa linapoanza kuingia kwa watu.

Kazi yake ya kumalizia masomo, ile wanayoiita memwari, ilihusu namna ziwa linavyopanda na kuyafikia maji ya visima tunavyokunywa. Alitueleza kwa bakuli na mchanga, mpaka Mapendo akaanza kuwafundisha watoto wa jirani kana kwamba ni yeye aliyevumbua. Kazi hiyo ikikubaliwa, kulikuwa na nafasi moja ya kwenda ng'ambo ya ziwa kwa masomo ya juu zaidi. Ilikuwa moja tu, na majina yangefungwa mwisho wa mwezi. Nyumbani kwao baba yake alikwisha kumwambia kwamba mwaka ule ni wa mwisho wa kumngoja, maana kuna watu waliokuja kumposa na hawawezi kuwekwa mlangoni milele. Aliyasema hayo kwa sauti ileile aliyosemea namba. Nami, niliyekuwa na hofu yangu ya vidole, niliitambua hofu ya mwenzangu mara moja.

"Muti huu ni wako kulinda," aliniambia. "Minye nitakuja asubuhi na mangaribi kusoma namba. Siku sitakuja, weye utasoma, uandike ku kaye."

Nilimwambia kwamba nimeacha shule. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba nimeacha kuvaa viatu.

"Namba haiulizi cheti," akasema.

Jioni, alipomaliza kusoma mti, alikaa nami nikigeuza ndagala, akanifundisha jinsi ya kuandika nusu na robo kwa nukta. Hakuna aliyekuwa amekaa nami tangu mama azikwe. Watu walikuwa wakisimama, wakiuliza hali, wakienda. Yeye alikaa mchangani mpaka sketi yake ikanuka samaki, na kesho yake akaenda nayo chuoni.

Nilimpenda Dada Esperansi na niliuogopa mti wake. Yote mawili yalikuwa kweli, na yote mawili yaliniamsha mapema. Mwaka mmoja kabla yake, watu waliovaa vizibao walipita kando ya mto na kupanda miti iliyopakwa rangi mbele ya nyumba fulani. Hawakusema kitu. Baada ya wiki chache wenye nyumba hizo wakaambiwa wahame, na nyumba zikabomolewa, kwa sababu maji yangefika pale. Na kweli maji yalifika. Kwa akili yangu ya wakati ule mambo hayo matatu yalikuwa kitu kimoja: mti wa rangi hupandwa, watu huhama, maji huja. Sikufikiri kwamba mti huwekwa kwa sababu maji yanakuja. Nilifikiri maji huja kwa sababu yameonyeshwa njia. Na tangu mti wa Dada Esperansi uliposimama mbele ya mlango wetu, vidole vyangu pale ukutani vilikuwa vimeshuka kutoka kumi na tisa hadi kumi na vinne.

Akaenda Nyakabere siku nne, kupima visima vya wakulima wa bondeni. Aliniachia kaye. Siku ya kwanza niliandika namba vizuri. Siku ya pili, kabla hata kuku hawajashuka, niliingia majini, nikaukumbatia ule mti, nikautikisa mpaka udongo ukauachia. Sikutaka kuutupa. Ulikuwa wa Dada Esperansi. Niliuhamisha hatua saba tu, nikavuka pembe ya depo, nikaupanda mbele ya kiwanja cha watu waliokwisha hama, mahali ambapo ziwa likija halitamkuta mtu. Nikauzungushia mawe madogo chini, nikayashindilia kwa kisigino. Kisha nikausoma, nikaandika namba ile kwenye kaye kwa mwandiko wangu bora kabisa. Ilikuwa kubwa kuliko ya jana kwa kiasi cha shubiri moja, na sikushtuka. Nilidhani namba zimo ndani ya mti. Sikujua kwamba zimo katika mahali uliposimama.

Aliporudi, maji yalikuwa yamefunika mawe yote aliyoyatumia kama alama, na ufuko wenyewe ulikuwa umebadilika sura. Alikuwa na haraka ya darasa na homa kidogo ya bondeni, hatua saba hakuzitambua. Alisoma, akaandika, akaenda. Siku kumi na moja alisoma hivyo.

Siku ya kumi na mbili alikuja mchana, wakati ambao haji. Alikaa juu ya beseni langu la ndagala lililopinduliwa. Alinieleza, taratibu, kama mtu anayejieleza mwenyewe. Profesa alikuwa ameifunga kaye yake na kuirudisha. Amesema ziwa kubwa kiasi hiki haliruki shubiri moja usiku mmoja. Ama mwandishi wa namba hajui kusoma, ama namba zimeandikwa chumbani. Alipomwambia kwamba siku zile nne alisoma mtoto wa jirani, Profesa alimwuliza ni tangu lini kazi ya chuo kikuu inaachiwa mtoto aliyeacha shule. Wenzake walikuwa wamesimama pale wakisikia. Amempa mpaka kesho kutwa alete sababu, la sivyo arudie mwaka ujao.

"Na minye sina mwaka ujao," alisema.

Hakunilaumu. Hiyo ndiyo iliyonivunja. Aliniuliza tu, kwa upole, kama siku ile nilisoma namba kwenye pete sahihi, nikamwambia ndiyo, na ilikuwa kweli. Hakuuliza swali lingine, nami sikumpa jibu lingine. Nilikuwa naona kizingiti chetu, na Mapendo na Sifa wamekaa juu ya vyombo vyetu barabarani, kwa sababu mwenye kuharibu kazi ya chuo kikuu hakika hufukuzwa mjini. Nilisimama, mikono yangu ikinuka samaki, namwangalia mtu aliyekaa nami akizama mbele yangu.

Ni Sifa aliyesema. Alikuwa akicheza na konokono miguuni mwetu.

"Hata Yaya iko anapima maji," alisema, akimaanisha mimi, kwa maana kwetu mkubwa huitwa Yaya. "Iko na ukuta yake."

Nilimfumba mdomo kwa kiganja, lakini Dada Esperansi alikuwa ameshainua kichwa. Sifa akaniponyoka, akamshika mkono, akamwongoza nyuma ya depo. Nilibaki na beseni. Nilihesabu mpaka mia, kisha nikawafuata, kwa sababu siri ikishatoka ni bora mtu awepo inapohukumiwa. Nilimkuta amesimama majini mpaka magotini, sketi imemlowa, anaugusa ukuta kwa ncha ya kidole, kijistari kwa kijistari, kutoka kushoto kwenda kulia. Vilikuwa vingi; vya mwanzo vilikuwa chini ya maji, lakini chokaa mpya ilikuwa imeyanywa makaa, vikaonekana. Vilipanda kidogo, vikatulia, vikapanda tena, kama ngazi ya kuku.

"Tangu lini?" aliuliza bila kugeuka.

"Tangu mama azikwe."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akaweka paji lake la uso kwenye ukuta, pale pale kwenye makaa, akakaa hivyo. Aliponigeukia alikuwa na alama nyeusi usoni. Hakuifuta. Alitoka mbio mpaka barabarani akiwa nayo.

Ndiyo maana kesho yake tukawa watu sita nyuma ya depo.

Profesa alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo ilinitisha kuliko ya kufoka. Aliuangalia ukuta wote kwanza. Akaniuliza kama ni mimi niliyechora. Nikasema ni mimi, na hapohapo maneno yakanitoka mfululizo: kwamba nitapaka chokaa upya, nitapaka ukuta mzima, Baba Hamisi asitutoe, wadogo zangu hawakujua. Baba Hamisi alisimamisha tasbihi.

"Ukiugusa huu ukuta na brashi," alisema, "hapo ndipo nitakufukuza."

Sikuelewa. Nilidhani hata kosa la kuchora lina adhabu yake maalumu, ya kuliacha lionekane na kila apitaye.

Kisha wakaanza. Profesa aliweka futi ukutani, akataja siku. Dada Esperansi akasoma kaye yake. Jumapili ndefu zangu ziliwasaidia wasipotee. Siku baada ya siku makaa yangu na namba zake vilikwenda pamoja, kama watu wawili wanaotembea njia moja. Kaye ikipanda kidole, na makaa yanapanda kidole. Kaye ikitulia, makaa yanatulia. Mpaka wakafika kwenye Jumatano moja. Dada Esperansi alisoma namba, akaisoma tena. Kaye ilikuwa imeruka shubiri nzima. Makaa yalikuwa yamepanda nusu kidole tu, yakaendelea na safari yao taratibu. Na tofauti ile ikabaki vilevile, siku zote zilizofuata.

"Kaye haikudanganya," alisema Profesa. "Muti ndiyo ulihama."

Aliyatamka hayo, akaingia majini mpaka ulipo mti. Aliushika kwa mikono miwili, akautikisa. Haukutikisika. Akainama, akatia mkono chini ya maji, akatoa jiwe, akaliangalia, akatoa lingine. Yalikuwa mawe madogo, ya kutosha kiganja changu. Akainuka. Akaniangalia mimi, akaangalia mikono yangu, kisha akamwangalia Sifa, aliyekuwa bado ameninginia kwenye kidole changu. Mapendo, upande wangu wa pili, alivuta pumzi kama mtu anayetaka kuruka.

"Nani aliuhamisha?" aliuliza Profesa.

Baba Hamisi akakohoa.

"Hapa inapita mitumbwi ya wavuvi," alisema. "Itakuwa moja imeugonga."

Profesa aliyarudisha mawe majini, moja, jingine, pale alipoyatoa. Alinawa mikono.

"Ndiyo," alisema mwishowe. "Ni mutumbwi. Andika hivyo, Esperansi."

Naye Dada Esperansi akaandika. Hakuniangalia. Aliandika sentensi moja fupi, akaipulizia wino ukauke, akaifunga kaye. Na mimi nilifikiri jambo ambalo nimelibeba kwa miaka: kwamba wasomi ni watu rahisi kudanganywa.

Mengine yalikwenda haraka. Waliondoa ile shubiri kwenye namba zote za tangu Jumatano ile, wakaupiga picha ukuta, na picha ikaingia kwenye memwari. Kazi ikapokewa, jina lake likafika kabla orodha haijafungwa, akavuka ziwa. Maji yalisimama vidole vitatu chini ya kizingiti chetu, yakakaa hapo wiki mbili, kisha yakaanza kurudi. Niliendelea kuchora mpaka yalipouacha ukuta. Mapendo, ambaye sasa anaendesha pikipiki na ana watoto wawili, aliniambia baadaye kwamba asubuhi niliyouhamisha mti aliniona dirishani nikitoka majini na matope mapajani. Ndiyo sababu siku ya Profesa hakwenda shule. Alikuwa amejiandaa kusema ni yeye, akihesabu kwamba mtoto wa miaka tisa atapigwa kidogo kuliko wa kumi na mitatu.

Dada Esperansi alirudi akiwa daktari wa mambo ya maji. Wengi waliovuka kama yeye hawakurudi. Siku hizi yeye ndiye anayeitwa Profesa, na kila Jumamosi huwakusanya wanafunzi ambao kwao hakuna aliyewahi kuketi darasani chuoni: watoto wa wakulima wa Nyakabere, wa wachungaji wa ng'ombe, wa waanika ndagala. Hasa wasichana. Anawasimamisha mbele ya ubao waitetee kazi yao mpaka wasitetemeke. Anawaonyesha jinsi ya kumwandikia mwalimu wa ng'ambo ambaye hawajawahi kumwona. Anakaa nao, kama alivyokaa nami, na wakisema hawataweza anawaangalia kama watu waliosema wameacha kuvaa viatu. Na kila kundi jipya huwasimulia habari za ukuta: kwamba mchoro bora wa ziwa aliowahi kuuona ulichorwa kwa makaa, na msichana aliyeacha shule darasa la tano. Halafu huwaambia habari za mtumbwi.

Sifa alikuwa katika kundi hilo miaka mitatu. Sasa amepata nafasi ya masomo ya juu, ng'ambo kulekule, na barua iliyomfungulia mlango iliandikwa na Dada Esperansi. Anaondoka Alhamisi kwa boti. Juzi nilikuwa namfungia nguo zake, naye amekaa kitandani, anaitazama ile picha ya ukuta katika nakala ya memwari aliyoazimwa. Kwenye pembe ya picha unaonekana mti, pete zake nyekundu na nyeupe, umenyooka kama askari.

"Yaya," aliniita. "Mutumbwi hauwezi kupanda muti."

Niliendelea kukunja nguo.

"Mutumbwi unaangusha," alisema. "Huu iko umesimama. Tena iko na mawe." Hakuwa ananishitaki. Alikuwa anafikiri, kama walivyomfundisha kufikiri. "Kama minye naona ku picha tu, wao walikuwa pale. Si waliona?"

Nikakaa juu ya sanduku. Watu wawili waliosomea maji maisha yao yote. Mmoja aliyatoa mawe kwa mkono wake na kuyarudisha. Mwingine alikuwa na kila sababu ya kunyoosha kidole, maana mbele yake alikuwa amesimama aliyemharibia, tena ndiye aliyeaminiwa kulinda. Na mzee aliyeanza kukohoa. Watatu hao walitutazama, watoto watatu nyuma ya depo, wakaamua kuwa kulikuwa na mtumbwi. Hakuna aliyedanganywa siku ile isipokuwa mimi.

Jana nilikwenda ofisini kwake na ndagala waliokauka vizuri, nimewafunga kwenye gazeti. Picha ya ukuta iko nyuma ya meza yake. Nje ya mlango walikuwa wamekaa wasichana wawili na kaye zao mapajani, wanangoja zamu. Alisimama kunipokea, akasema Sifa ataweza, nisihofu, na kwamba Alhamisi atakuwa bandarini kumsindikiza pamoja nami. Nikamwambia aksanti. Kisha nikabaki nimesimama.

Aliona nina neno. Alikifunga kitabu kilichokuwa mbele yake, akaweka mikono juu yake, akaningoja. Hakuniuliza. Aliniachia nafasi tu, nami nikaitambua nafasi ile, kwa maana ndiyo ileile aliyoniachia siku aliyokaa juu ya beseni langu. Nilifungua mdomo. Juu ya kichwa chake mti ulikuwa umesimama wima katika maji yale ya zamani.

Nikamwambia ndagala hawa wasiwekwe mahali penye unyevu, wataharibika.

Akasema amesikia. Akanisindikiza mpaka mlangoni, akamwita msichana wa kwanza. Samaki niliwaacha juu ya meza yake. Deni nilirudi nalo nyumbani.